Figo Langu Halizikwi

Agnetha Magesa alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, sauti ya kwanza kumwingia masikioni ilikuwa ya shemeji yake, anagombania figo.

"Tupeni tukalizike nyumbani," Deusdedit alikuwa anamwambia nesi mlangoni mwa wodi. "Kiungo cha mtu wetu hakiwezi kulala kwenye ndoo ya hospitali. Nyie mko hapa Shinyanga mjini, hamjui kule kwetu machimboni kuna watu wa namna gani. Mtu akipata kipande kama kile, anaingia nacho shimoni kutafutia bahati."

Nesi akamweleza taratibu kwamba figo limeshapelekwa maabara. Deusdedit akaja juu. Maabara kufanya nini? Yeye si ameliona kwa macho yake? Maana daktari wa upasuaji aliwaita ndugu, kama wanavyofanya siku zote, akawaonyesha kwenye beseni kile kilichotolewa, wasije wakasema baadaye mtu wao alipasuliwa bure. Na alichokiona Deusdedit ni figo lililobeba uvimbe kama viazi vitamu viwili vilivyoota vimeshikana. Akatikisa kichwa pale pale. Moyoni mwake akawa ameshamaliza: mke wa marehemu mdogo wake ndiyo basi tena.

"Shemeji," sauti ikatoka kitandani, nyembamba lakini ina makali yake yote. "Figo langu halizikwi mimi nikiwa hai. Kama una hamu ya kuzika, katafute msiba mwingine."

Nesi akageuka upande wa dirisha kuficha kicheko.

Huyo ndiye Agnetha, ambaye Masumbwe nzima inamwita Mama Dorah. Tusidanganyane, si mtu rahisi. Ukikosana naye sokoni utaondoka wewe. Lakini yangempata nani yaliyompata yeye akabaki mpole? Mumewe Luka alifariki kwa kifua na kumwachia mtoto mmoja, Dorah, na jembe. Akaenda machimboni kutafuta riziki, wanaume wakamfukuza kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Si mnaijua ile imani yao, kwamba mwanamke akikanyaga ukingo wa shimo dhahabu inakimbia? Wakampigia kelele, "Toka, mama, utatukimbizia mali!"

"Haya," Agnetha akawajibu. "Basi mimi nitakaa huku huku inakokimbilia."

Akaketi kwenye lundo la mchanga walioosha wakautupa, ule unaoitwa marudio, akaanza kuuosha upya kwa karai. Weee! Dhahabu haikuwa imekimbia kokote. Wanaume walikuwa na haraka tu. Kwa karai lile alimsomesha Dorah, na mwaka hadi mwaka akainuka mpaka akawa na mwalo wake mwenyewe wa kuoshea mawe, una bwawa la maji, una karasha la kusagia, una vijana anaowaajiri na msimamizi wao, Mwigulu. Wale wale waliomfukuza sasa huja na viroba vyao kuomba foleni. Anawapa. Lakini lazima kwanza wamwamkie.

Deusdedit hakushika hata beleshi siku mwalo ule unachimbwa. Ila tangu ulipoanza kutoa, alianza kuuita "mali ya ukoo". Agnetha alikuwa akisikia na kunyamaza, kwa sababu maneno hayavunji mfupa. Sasa alikuwa amelala na mshono ubavuni, na shemeji yake alikuwa na sura ya mtu anayehesabu viti vya msiba. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Siku chache baadaye daktari wa upasuaji alikaa kando ya kitanda chake. Akamwambia kwa heshima kwamba uvimbe ule haukumpendeza. Inawezekana ni saratani kali, ile ya kwenye nyama za kati zinazoshikanisha kiungo, na ajiandae kwa dawa nzito, zitakazomdondosha nywele na kumlaza chini.

"Inawezekana, au ni?" Agnetha akauliza.

"Inawezekana, mama. Bado wenzetu wa maabara wanaangalia."

"Basi hizo dawa zisubiri. Mtu hahukumiwi shahidi hajafika. Na huyo anayekaa na figo langu nataka kumwona uso kwa uso."

Daktari akasema si kawaida. Agnetha akasema hata yeye kutolewa figo haikuwa kawaida yake. Dorah, aliyekuwa anamshikia kikombe cha uji, akainamisha uso kwa aibu. Amezoea, lakini aibu ni aibu.

Kesho yake asubuhi akaja dada mmoja mwembamba, koti jeupe, miwani kichwani. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Daktari Euphrasia. Nimeambiwa unanitafuta."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni mtoto tu! Figo langu linaendeleaje?"

Daktari Euphrasia alicheka, na hapo wakapatana. Akavuta stuli, akaeleza bila kuzungukazunguka. Kipande cha uvimbe amekigandisha kwenye nta, amekikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, amevilaza juu ya vioo na kuviangalia kwa hadubini. Anachokiona kinaweza kuwa vitu viwili. Kimoja ni ile saratani kali. Kingine ni uvimbe mpole unaofanana nayo kwa sura, ambao huwapata zaidi wanawake wa umri wa Mama Dorah, na ambao mara nyingi ukishatolewa wote, umetoka.

"Na wewe unasema ni upi?"

"Kwa sura peke yake siwezi kusema, mama. Nikisema nitakuwa nakudanganya."

Neno hilo lilimuuma Agnetha, lakini lilimtuliza pia. Tangu augue, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwambia hajui.

"Kuna njia ya kuutenganisha," Daktari Euphrasia akaendelea. "Kwenye damu yako kuna homoni za kike, kubwa zikiwa mbili. Homoni haifanyi kazi mpaka ipate pa kutua. Hapo pa kutua ndipo tunapaita kipokezi. Uvimbe ule mpole, nyama zake za kati huwa na vipokezi vya homoni za kike, tena vinakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha kila seli. Nikivikuta pale, nikaunganisha na sura niliyoiona, nakuwa na la kusema."

"Si uviangalie basi."

"Havionekani, hata kwenye hadubini. Ndiyo maana natumia kingamwili, kama zile ambazo mwili hutengeneza kukamata vijidudu. Ile inakijua kipokezi cha aina moja tu. Naimwaga juu ya kioo, inapita kwenye nyama yote haishiki kitu, mpaka ikutane na chake. Ikikipata inang'ang'ania hapo hapo. Halafu nafuatisha ya pili inayoikamata ile ya kwanza, na hiyo ya pili ndiyo naibandikia rangi ya kahawia. Hapo sasa naona."

Agnetha akacheka mpaka akaushika mshono kwa mkono. "Mayu wane, mama yangu! Mwanangu, si useme tu unakamatisha!"

"Nafanya nini?"

"Unakamatisha! Mimi nina mchanga, dhahabu yake ni vumbi, jicho haliioni. Namwagia zebaki. Zebaki haina habari na mchanga, haina habari na mawe, inaifuata dhahabu peke yake. Nikiikusanya ile zebaki, nimeikusanya na dhahabu. Hata wewe una zebaki yako."

Daktari alikiri kwamba hajawahi kuelezwa kazi yake vizuri hivyo. Akasema kingamwili hizo anazo, huzitumia kwa akina mama wenye uvimbe wa matiti, ila kwenye figo hajawahi kuzijaribu. Angejaribu. Agnetha akamwambia ajaribu, yeye haendi popote.

Na kweli hakwenda. Aliporuhusiwa kutoka wodini, Deusdedit alipiga simu akitaka arudishwe Masumbwe "apumzike nyumbani, watu wamwone". Agnetha akakataa katakata. Alijua wakishamlaza kwenye godoro sebuleni, watu waanze kuingia na nyuso za kuagana, hata asiyekufa atakufa. Akafikia kwa binamu yake pale pale mjini, na kila asubuhi akawa anapanda bajaji na Dorah hadi hospitali, anaketi kwenye benchi la nje ya maabara, kitenge begani, mkono ubavuni. Mtu akimuuliza anasubiri nini, anajibu, "Nalisubiri figo langu liseme."

Siku ya kwanza ya kipimo mlango wa maabara ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, maana ndani walikuwa wanachemsha vile vioo kwenye sufuria ya presha. Lazima vipokezi vifunuke, dawa ya kuhifadhia nyama huwa imevifunika. Agnetha akachungulia. "Kumbe mnapika! Na mimi nilidhani sayansi ni jambo kubwa." Wafanyakazi wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyemfukuza.

Kioo cha kwanza kilipokuwa tayari, Daktari Euphrasia alikiweka kwenye hadubini iliyounganishwa na skrini. Agnetha alikuwa ameshasogea hadi mlangoni. Akaona kwa macho yake mwenyewe: skrini imejaa kahawia. Kahawia juu, kahawia chini, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa.

Hakusubiri. Jamani, nani angesubiri? Miezi umetazamwa kama maiti inayotembea, umeambiwa rangi ya kahawia ndiyo uhai wako, halafu unaiona imejaa skrini nzima! Agnetha alipiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa kwenye foleni ya meno. Dorah akalia, akachukua simu, akapiga Masumbwe: mama hana saratani, mama amepona! Mwigulu akazima karasha ili asikie vizuri. Hata Deusdedit alipiga mwenyewe, sauti imejaa asali. "Shemeji! Tulikuwa tunakuombea. Mwenyezi Mungu ni mwema. Mwalo wako uko salama, usiwe na wasiwasi."

Mwalo wako. Agnetha aliyasikia maneno hayo mawili vizuri sana.

Daktari Euphrasia alikuwa amesimama mlangoni, hacheki. "Mama Dorah, hebu ingia. Hukunipa nafasi ya kumaliza."

Akamwonyesha kioo cha pili. Nyama ile ile, uvimbe ule ule, nacho ni kahawia kila mahali. "Hiki," akasema, "sikukiwekea ile kingamwili ya kwanza kabisa. Nilikifanyia kila kitu isipokuwa hiyo. Huwa lazima nikitengeneze pamoja na kile kingine. Ilibidi kisiwe na kahawia hata kidogo, mama."

Agnetha alikodolea macho skrini. "Kama hukuweka, rangi imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye figo lenyewe. Rangi yangu inajishikiza kwenye vitamini moja inaitwa biotini, ambayo nimeibandika kwenye ile kingamwili ya pili. Sasa figo lina biotini yake, tena nyingi, na kuchemsha kumezidi kuifunua. Rangi imeshika ya kwake na ya kwangu bila kuchagua. Kwenye titi shida hii ni ndogo, ndiyo maana nilipitiwa. Hapa siwezi kujua ipi ni ipi. Pole sana."

Agnetha alikaa chini. Alilielewa jambo lile, na ndiyo maana lilimuuma hivyo. Pale mwaloni kwake zebaki iliyokwisha kutumika huwa imebaki na dhahabu ya jana. Ukiimwaga kwenye mchanga mpya bila kuichuja, utatoa dhahabu hata kwenye mchanga wa barabarani, utashangilia, utanunua kiwanja kizima cha mchanga mtupu. Watu wamefilisika hivyo. Yeye mwenyewe hufukuza kijana yeyote anayesahau kuichuja. Leo alikuwa ameshangilia zebaki ya jana, tena kwa kigelegele.

"Kwa hiyo nina saratani?"

"Sijui, mama. Tumerudi pale pale. Nitarudia."

Nje kwenye benchi Dorah alimshika mkono. "Mama, watu tumeshawaambia. Acha tu ibaki hivyo mpaka jibu la pili litoke. Baba mkubwa ametulia, mwalo umetulia. Tukisema tena haijulikani, unajua atafanya nini."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa siazimi uhai, Dorah. Kama ni wangu, utakuja na miguu yake. Nilikataa kuitwa maiti kwa kubahatisha, na mzima wa kubahatisha pia sitaki. Nipe simu."

Akapiga yeye mwenyewe. Akamwambia Deusdedit wazi: ile rangi ilikuwa ya uongo, kosa la kushangilia ni langu, bado haijulikani. Halafu asali ikakauka. "Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji. Tungelizika lile figo siku ile, haya yote yasingekuwepo."

Haikuchukua muda Mwigulu akapiga, anaongea kwa kunong'ona. Deusdedit amefika mwaloni na wanaukoo wawili, wanapima eneo kwa kamba. Amesema kutakuwa na kikao, mali isije ikakaa bila mwenyewe.

Agnetha akacheka kicheko kikavu. "Waache wapime. Kamba ni yao." Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kifo chenyewe. Aliogopa kufa mapema mno, kabla hajamaliza ugomvi.

Akamrudia Daktari Euphrasia. "Unarudia lini?"

"Kuna dawa ya kuziba ile biotini ya figo kabla sijaanza. Tumeishiwa, tumeagiza. Ila ipo njia ya zamani ya watu wa kazi hii. Ute mweupe wa yai unaing'ang'ania biotini, haiachii. Ukishalowesha kioo kwenye ute wa yai, unafuatia maziwa yaliyoenguliwa mafuta, yanaziba mianya iliyobaki. Nyama inakuwa imeshiba, ndipo unaleta kingamwili. Nilikuwa nafikiria kusubiri dawa ya kiwandani."

"Unafikiria yai?" Agnetha akasimama. "Mimi nakaa hapa nasubiri kuishi au kufa, na kinachokosekana ni yai?"

"Bora liwe bichi na halijaharibika, mama."

"Dorah! Twende sokoni."

Walirudi na mayai ya kienyeji kwenye kikapu, ambayo Agnetha alikuwa ameyanunua moja moja baada ya kuyatikisa sikioni na kumtukana muuzaji kwa mawili mabovu, na maziwa aliyoyaengua mwenyewe kwa binamu yake mpaka yakawa maji ya bluu. Wafanyakazi wa maabara waliyapokea kwa adabu. Daktari Euphrasia alichuja ute kwa kitambaa safi, akauchanganya na maji yake ya chumvi, akaweka vioo vyote: cha uvimbe, kile kisichowekewa kingamwili, na kimoja cha titi ambacho alijua hakika kina vipokezi, ili kama kingamwili zimechoka ajue.

Safari hii Agnetha hakuchungulia. Aliketi kwenye benchi, kitenge amekikaza. Dorah alipomletea chapati aliitazama tu. Mlango ulipofunguliwa alisema bila kugeuka, "Nianzishie kile kisicho na kitu."

Daktari akaweka kioo kisichowekewa kingamwili. Skrini ikaja na rangi hafifu ya samawati tu, ile ya kuonyeshea seli. Hakuna kahawia. Alikisogeza chini ya hadubini kutoka pembe hadi pembe, taratibu, ili Mama Dorah aone mwenyewe kwamba ni safi.

"Cha titi."

Kikaja na kahawia pale inapotakiwa.

"Sasa langu."

Skrini ilipotulia, Agnetha hakuelewa mara moja. Haikuwa ile chai iliyomwagika. Vijifereji vya figo havikuwa na kahawia, vimetulia. Lakini katikati yake, kwenye nyama iliyojikunja kama nyuzi za pamba, kulikuwa na vitone. Vitone vya kahawia, kila kimoja ndani ya seli yake, kwenye kiini, vingi, vimesimama safi kama vile mtu amevipanda kwa mkono.

"Ni hivyo," Daktari Euphrasia akasema. "Hivyo ndivyo vipokezi. Vya homoni zote mbili, nimeangalia na kioo kingine. Sura na rangi vimekubaliana. Si ile saratani kali, mama. Ni uvimbe mpole, na kwenye kingo nimeona umetoka wote. Utakuja tukupige picha mara kwa mara, sitakuficha, maana mwili si wa kuamini kwa asilimia mia. Na figo lililobaki ulitunze. Ile zebaki usiishike tena kwa mikono mitupu."

"Hilo la zebaki nimekubali," Agnetha akasema. Halafu akalia.

Nasema alilia, Agnetha yule yule, kichwa kwenye meza ya maabara, mabega yanapanda na kushuka, na Dorah akadhani ni furaha. Furaha ilikuwemo. Lakini zaidi ilikuwa hasira. Alilia kwa jinsi uhai wake ulivyokuwa umepanda na kushuka midomoni mwa watu: leo ni wako, kesho si wako, kwa sababu ya rangi. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kitenge, akamshika Daktari Euphrasia mikono yote miwili. "Wabeja sana, mwanangu, asante. Wabeja kwa kusema hujui."

Dorah tayari alikuwa ametoa simu. Agnetha akaichukua, akaitia kwenye kifua chake.

"Usimpigie mtu."

"Mama! Si jibu la kweli sasa?"

"Ndiyo. Na ni langu."

Wakaondoka Shinyanga asubuhi, wakapita Isaka katikati ya malori ya mizigo, wakashuka Masumbwe jua limeanza kulegea. Hawakuanzia nyumbani. Mwigulu alikuwa amesema kikao kiko mwaloni kwenyewe, na kweli waliwakuta: wanaukoo wamekaa kwenye vipande vya miti kando ya bwawa, karasha limezimwa, vijana wa kazi wamepanga mstari pembeni mikono nyuma kama watoto waliovunja chungu. Deusdedit alikuwa amesimama katikati, anaongea. Alipomwona shemeji yake anakuja kwa miguu yake, taratibu, mkono ubavuni, alirudi hatua moja nyuma.

"Mwadila, jamani," Agnetha akasalimu.

Wakaitikia. Mzee mmoja akampisha akae. Akakataa, akabaki amesimama.

"Karibu, shemeji," Deusdedit akasema, ameshajikusanya. "Tulikuwa tunazungumza kwa wema tu. Mtu mgonjwa hawezi kusimamia mwalo. Tukasema tusubiri majibu. Yakiwa mazuri, tunamshukuru Mungu, unaendelea. Yakiwa mabaya, mimi nausimamia kwa niaba ya ukoo. Ndiyo tukawa tunakusubiri utuambie."

Wote wakamtazama. Dorah, nyuma ya mama yake, alikuwa ameuma mdomo ili neno lisimtoke. Lilikuwa neno moja tu, lingewanyamazisha wote pale pale, na Agnetha alikuwa nalo ulimini.

Akalimeza.

"Niliwapigia nikasema nimepona," akasema, "mkasema mwalo wako. Nikawapigia nikasema bado haijulikani, mkaja na kamba. Sasa mnataka niwaambie tena, ili mjue leo mniite nani. Sikilizeni. Mwalo huu ni wangu nikiwa na saratani. Mwalo huu ni wangu nikiwa sina. Nikifa ni wa Dorah, na hilo mwenyekiti wa kijiji analijua tangu zamani. Mwigulu, washa karasha."

Mwigulu hakungoja kuambiwa mara mbili. Injini ikakohoa, ikashika, na vumbi likawafukuza wanaukoo kutoka kwenye vipande vyao vya miti mmoja mmoja. Deusdedit alibaki, amejikinga uso kwa mkono, ikambidi apaze sauti juu ya mngurumo.

"Lakini shemeji, majibu! Sisi ni ndugu, tuambie basi majibu!"

Agnetha alikuwa ameshainama kuokota karai. Akamgeukia.

"Majibu ni ya figo langu. Wewe unalo lako, nenda kalipime."